Raba Zilizobaki Rafuni

Duka lake lilikuwa karibu kabisa na lango la mlima, pale lami inapokatika na njia ya miguu inapoanza. Halikuwa na kibao. Watu walisema tu "kwa Mama Viatu," na walinzi wa langoni walipomwona mtu anakuja na sandali za kuogea walimnyooshea kidole upande ule: "Pita kwanza kwa Mama Viatu, ndugu yangu. Huko juu si bafuni."

Alikodisha buti, makoti ya mvua, fimbo na soksi nzito. Duka alilirithi kwa shangazi yake, pamoja na desturi moja ambayo wageni waliiona ya ajabu: ukikodi buti, unaacha viatu vyako. Unavivua palepale kwenye benchi, anavipanga kwenye rafu ya mbao nyuma ya meza, na unavipata ukirudisha buti. Shangazi hakuwa na nia yoyote njema alipoianzisha. Alichoka kuibiwa, basi. Aliona kwamba mtu anaweza kutokomea na buti za watu bila haya, lakini kuacha nyuma viatu vyake vya kuendea kazini, hapo atafikiri mara mbili.

Mama Viatu akiwa bado msichana wa kufagia duka la shangazi, jioni moja viatu vya mwanafunzi mmoja vilibaki rafuni. Lango limefungwa, walinzi wanavaa makoti yao warudi makwao, viatu vipo. Shangazi akasema huyo ni mtoto msahaulifu, atakuja kesho. Msichana hakuridhika. Siku hiyo kulikuwa na fundi bomba kijana aliyekuja kutengeneza bomba la nyuma ya duka, naye ilijulikana kwamba ni mmoja wa kikosi cha uokoaji, wale watu wanaopanda kutafuta waliopotea bila kulipwa hata senti. Akamwambia. Fundi akaacha spana zake sakafuni, akaita wenzake, wakapanda. Mwanafunzi walimkuta korongoni, mguu umevunjika, sauti imekwisha kwa kupiga kelele. Tangu hapo rafu ile haikuwa rehani tu. Lango likifungwa na viatu vikiwa bado vipo, simu inapigwa.

Fundi naye alirudi kutengeneza bomba lilelile mara ya pili, kisha ya tatu. Ama bomba lilikuwa na shetani, ama fundi hakutaka lipone. Shangazi, aliyekuwa haoni vizuri lakini mambo ya namna hiyo hayakumpita, alimwambia aoe tu, maji yanamwagika.

Wakaoana. Hawakujaliwa watoto, wala hawakulisema sana jambo hilo. Fundi alitengeneza mabomba ya mji mzima pamoja na mdogo wake, na mdogo mtu naye alipokua akaingia kikosini. Mkubwa wao huko alikuwa mwalimu wa hesabu. Wengine walikuwa mwoka mikate, dereva wa lori na fundi umeme. Walikuwa na sheria moja ambayo hawakuiandika popote: mtu waliyemshusha hagombezwi. Awe amepanda na sandali, awe ameruka kamba ya onyo ili apate picha nzuri, akishafungwa kwenye machela ni mgonjwa kama wagonjwa wengine.

Kugombeza ilikuwa kazi ya Mama Viatu, na aliifanya mapema, watu wakiwa bado chini. "Mko wanne, maji chupa moja? Mnakwenda kupanda mlima au kupiga picha ya pasipoti?" Au: "Simu ina chaji kiasi gani? Nionyeshe. Hiyo si chaji, hiyo ni dua." Wengine walinuna, wengi walicheka, na wengi wa waliocheka walirudi dukani kuongeza koti. Kabla ya kutoka kila mmoja aliambiwa yaleyale: "Ukishukia upande wa pili, piga simu. Namba hiyo hapo ukutani." Maana ipo njia nyingine inayotelemkia barabara kuu, na mtu aliyechoka akiona magari yanapita huko huwa hakumbuki tena duka wala mwenye duka.

Siku ile alikuja kijana mmoja peke yake. Raba nyeupe, kamba za kijani, mtu wa ofisini ukimtazama mikono. Alikuwa mchangamfu. Akaambiwa habari ya upande wa pili na namba ya ukutani, akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ile ya mtu anayejibu huku anatafuta pa kuweka funguo zake. Akapanda, akazunguka, akashukia upande wa pili, gari likamkuta palepale barabarani, akaingia na buti za watu miguuni akaenda kwao.

Jioni raba zilikuwa rafuni. Mvua ilikuwa imeanza. Mama Viatu alipiga namba ya kijana, imezimwa. Akampigia Mwalimu. Kumwita Fundi hakukuhitaji simu. Alikuwa chumba cha nyuma ananawa mikono. Aliuliza kama kuna soksi kavu. Akamwambia zipo chini ya meza. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho, na kwa kweli hakuna cha kuyapamba.

Aliteleza kabla hakujapambazuka, juu ya maporomoko, kwenye jiwe lililoota ukungu wa kijani. Wenzake walikuwa wanamshusha mchana wake simu ya yule kijana ilipopatikana. "Mimi? Niko nyumbani," alisema. "Kwani kuna nini?" Mwalimu alitazama machela. "Hakuna kitu," akasema. "Asante." Akakata simu.

Kwa hiyo kijana hakujua. Redio ilitangaza kwa ufupi kwamba mwokoaji amefariki akiwa kazini, na nani husikiliza habari za mlima wa watu wengine?

Msibani Mama Viatu alihangaikia viti. Kila aliyeingia alimtafutia pa kukaa, akauliza kama chai imemfikia. Macho makavu. Wapo waliosema amejikaza, na wapo, midomo haikosi kazi, waliosema pengine mapenzi yenyewe hayakuwa mengi. Hakuwa amejikaza wala nini. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona, unajua ni wako, ukiugusa haukuambii kitu. Alingoja ganzi iishe. Watu walikuwa wamemwambia itaisha.

Alipofungua duka tena alilifua koti la mvua la Fundi, akalitundika na mengine, likakodishwa. Lilikuwa koti zima, halina hata mshono uliolegea. Mwoka mikate alipoliona kwenye mgongo wa mgeni aligeuka akarudi alikotoka bila kununua alichofuata. Mama Viatu aliona, akajua amemuumiza, lakini alijua tu, kama mtu anavyojua kuwa nje kuna upepo wakati yeye yuko ndani.

Kugombeza akaacha. Walikuja na sandali, walikuja na watoto mgongoni bila koti, yeye aliuliza "Namba ngapi?" akatoa buti. Maneno ya upande wa pili aliyasema bado, kwa kuwa mdomo ulishayazoea.

Raba nyeupe zilibaki mahali pake. Shemeji yake, mdogo wa Fundi, alizitaka. "Nipe nizitie moto, Shem."

"Si zangu."

"Basi nipe nimpelekee mwenyewe. Nimpelekee usoni."

"Si zako pia," alisema, akaendelea kupanga fimbo.

Alikuwa anamngoja mwenye raba. Alijua atakuja siku moja, na kila alipopangusa vumbi rafuni alipanga cha kumwambia. Kwa muda mrefu yalikuwa maneno makali, yenye mwanzo na mwisho.

Mama mkwe wake alihamia kwake baada ya mazishi. Mchana alikaa dukani akishona soksi zilizotoboka, maana wapandaji hutoboa soksi kana kwamba wana kucha za paka. Alikuwa mzee wa maneno machache, na juu ya jambo lile alisema mara moja tu. "Mmoja nimewapa, mkanirudishia kwenye machela. Huyu aliyebaki usije ukaniitia mlimani. Mtu akipotea kwa kichwa chake kigumu, na apotee. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

Kumsikia alimsikia, lakini hakusema ndiyo, na wote wawili walilijua hilo. Bahati nzuri tangu wakati ule kila jioni rafu ilikuwa tupu, ukiacha raba. Hakuwa amejaribiwa. Katika siku yake nzima saa ya kufunga ndiyo peke yake iliyomgusa: alipowasikia walinzi wakivuta mnyororo wa lango, aligeuka polepole kutazama rafu. Hakujua angefanya nini.

Kijana alikuja asubuhi moja nyeupe, isiyo na wingu. Mama mkwe alikuwa amekwenda kupimwa macho. Kijana alibeba buti kwenye mfuko wa plastiki, amezisafisha na kuzipaka rangi.

"Shikamoo, mama. Najua umenisahau."

"Marahaba. Sijakusahau."

"Nina aibu hata sijui niseme nini. Nilishukia kule upande wa pili, gari likasimama palepale, nikasema wiki ijayo nitarudisha. Wiki ikazaa wiki. Siku zote hizo nitakulipa, usijali." Akainua macho. "Hee! Raba zangu bado zipo! Mimi nilijua umeshazigawa."

Hapo ndipo pa kusema. Alilijua vizuri, na aliyatafuta yale maneno makali yenye mwanzo na mwisho. Hayakumkwama kooni, hayakuwepo kabisa. Alimwona tu kijana mwenye meno mazuri, amevaa viatu vya ngozi, anasubiri asemeshwe.

"Kwa vile nimeshafika," kijana akasema, "na jua lenyewe hili, si nipande tena kidogo? Kuna kijito nilitaka kukichukua video."

"Namba ileile?"

"Ileile."

Akampa buti zilezile alizozileta. Akapokea viatu vya ngozi, akaviweka kando ya raba. Rafu ikawa na jozi mbili za mtu mmoja. "Ukishukia upande wa pili," alisema, "piga simu. Namba iko ukutani."

"Sawa, mama."

Mchana wingu lilishuka. Hakuna aliyelitarajia, na mlima ule haujawahi kumwomba mtu ruhusa. Wapandaji waliteremka mmojammoja, wamelowa, wakachukua viatu vyao. Mama mkwe akarudi, akakaa na soksi zake. Walinzi wakavuta mnyororo.

"Hivyo vya ngozi ni vya nani?" mama mkwe aliuliza.

"Ni vyake."

"Nani?"

"Mwenye raba."

Sindano ikasimama. "Alikuja hapa? Ukamkodisha?"

"Nilimkodisha."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia, Mama."

Mzee aliichomeka sindano kwenye soksi. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo aliichoka kabla haijafika mdomoni. "Basi yuko kwao anakula," alisema. "Funga duka, mwanangu. Twende nyumbani."

Lilikuwa neno la busara. Mama Viatu mwenyewe aliona hivyohivyo. Aliyeondoka na buti za watu mara ya kwanza hashindwi mara ya pili. Alipiga simu yake: imezimwa, kama mara ile. Ikiwa yuko kwao, Shemeji atapanda kwenye mawe yenye utelezi kumtafuta mtu aliyejifunika blanketi. Ikiwa hayuko kwao, yuko juu kwenye wingu na kijichupa chake cha maji. Mtu mwingine angesema moyo ulimtuma. Moyo wake haukumtuma popote. Mkono ulichukua simu kwa sababu lango lilikuwa limefungwa na viatu vilikuwa rafuni.

"Nani?" Mwalimu aliuliza.

"Ni yuleyule."

Kwa nyuma alisikia sahani zikikusanywa mezani.

"Mama Viatu," Mwalimu akasema, "ukisema tungoje kukuche, hakuna atakayekulaumu. Hata mmoja wetu."

"Viko hapa, Mwalimu."

"Haya."

Walikuja, taa vichwani, kamba begani. Nafasi ya Fundi aliichukua mlinzi mmoja wa langoni, mtu mrefu aliyejitolea bila kuombwa, kwa hiyo walikuwa sita tena. Shemeji aliingia dukani, akamtazama mama yake, akatazama rafu.

"Ni huyo?"

"Ni huyo."

"Nikimkuta mzima, Shem, nitamuua mimi mwenyewe."

"Mkute kwanza."

Mama mkwe aliinuka. Alisimama mlangoni, na kwa muda mfupi ilionekana kama hatampisha mwanawe. Kisha akamtia mkononi jozi ya soksi aliyokuwa ameimaliza. "Jiwe lenye kijani usilikanyage," alisema. "Hata wakikwambia nini." Akarudi kwenye kiti chake, akageuza uso upande wa ukuta.

Wanawake wawili wakakaa. Mama Viatu aliweka redio ya kikosi mezani, akasikiliza ikikwaruza. Alimtazama mama mkwe mgongo, akawaza kwamba kama Shemeji hatarudi, mgongo ule hautageuka kumtazama tena. Aliliwaza jambo hilo lote, mwanzo hadi mwisho, bila kuhisi kitu.

Mlango ukafunguliwa. Ni yeye, matope hadi magotini, anahema.

"Samahani, mama, mmekwishafunga? Wingu lilinipoteza kabisa. Nikafuata maji, nikaangukia barabarani kule upande wa pili. Simu ilizima mapema, ile video iliimaliza. Nikapata lori likanishusha njia panda, kutoka hapo nimekuja kwa miguu." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Nisikudanganye, ningekwenda zangu. Lakini kesho nina kazi na viatu vya kazini ndivyo hivyo tu."

Mama Viatu akachukua redio. "Rudini," alisema. "Ameshafika."

Ilikwaruza. "Nani ameshafika?" Sauti ya Mwalimu.

"Yeye. Yuko hapa dukani."

Mama mkwe aligeuka, akamtazama kijana, akamtazama tena. Alichukua soksi nyingine mapajani, akaanza kutafuta tundu.

Hawakuwa wamefika hata kwenye daraja la mbao. Waliingia wote sita, wakajipanga ukutani chini ya makoti, maji yakiwachuruzika. Kijana alishangaa kamba zile na machela yale.

"Jamani," alisema, "mlikuwa mnanitafuta mimi?"

"Wewe," Mwalimu alijibu.

"Mimi sikujua kama kuna watu hutoka! Ile namba ukutani nilidhani ni ya duka, mtu akitaka kuulizia bei. Nisameheni sana. Sana."

Ngumi ya Shemeji ilikunjwa, ikakunjuka, ikakunjwa tena. Mwoka mikate alikohoa. Kijana hakugombezwa. Sheria ilisema mtu waliyemshusha, na huyu hawakumshusha, amejishusha mwenyewe. Lakini hakuna aliyekuwa na nguvu za kutafuta tofauti hiyo.

Mama Viatu alizitoa jozi zote mbili rafuni, akaziweka mbele ya benchi. Rafu ikawa tupu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kijana akakaa, akavua buti, akaanza kuvaa viatu vya ngozi.

"Na mara ile ya kwanza," Mama Viatu alisema, "pia ulitafutwa."

Kijana alikuwa ameinama anafunga kamba. "Mara ile? Mara ile mimi nilikuwa nyumbani, mama."

"Tulijua baadaye."

"Masikini. Nani alitoka kunitafuta?"

"Mume wangu."

Kijana akanyanyuka haraka, kiatu kimoja kimefungwa na cha pili bado. Alijipangusa kiganja kwenye suruali ili asimpe mtu mkono wenye matope, akawageukia wanaume waliosimama ukutani, akawatazama usoni mmojammoja, akitafuta ni yupi mume, amshike mkono na kumwomba radhi. Wao wakatazama sakafu. Alipofika wa mwisho, akaanza tena tangu wa kwanza.